Sauti Iliyopigwa Pasi

Mimi ni kiziwi nusu, na kazi yangu ni kusikiliza. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele sitampa nafasi.

Nafanya utafiti wa sauti katika taasisi moja yenye korido ndefu na lifti inayofanya kazi ikijisikia. Kazi yetu, kwa lugha ya nyumbani, ni kubana. Sauti za dunia zimeachana mno: kuna mnong'ono, na kuna mlango unaobamizwa. Sikio zima hubeba vyote viwili bila kulalamika. Sikio lililochoka haliwezi. Mnong'ono haulifikii, na mlango unaliumiza. Kwa hiyo ndani ya vile vifaa vidogo vinavyovaliwa nyuma ya sikio huwekwa programu inayonyanyua vilivyo chini na kushusha vilivyo juu, mpaka vyote vienee kwenye nafasi ndogo iliyobaki. Siipingi kazi hiyo. Niliisomea, na ndiyo inayonilisha. Ninachopinga ni kubana kwa pupa, kama mtu anayefunga sanduku kwa kulikalia.

Chumba cha pili wanafanya yaleyale kwa picha. Huko kuna mwenzetu tunayemwita Kivuli, kwa sababu maisha yake yote anapigania sehemu za giza. Ukimpiga picha mtu aliyesimama dirishani mchana, ama dirisha litaungua kwa weupe ama uso utapotelea gizani. Kivuli hubana mwanga mpaka vyote vionekane. "Lakini ukizidisha," hupenda kusema, "mchana unafanana na usiku, na uso unafanana na ukuta." Nilikuwa namsikiliza kwa adabu tu, huku nikimalizia chai yangu. Kumbe alikuwa ananisimulia habari zangu.

Masikio yangu yalianza kuniaga mwaka juzi, tena yaliondoka kimyakimya kama wageni wasiotaka kusindikizwa. Mungu naye ana utani wake. Utotoni nyumbani waliniita Antena, maana hapakuwa na siri ya nyumba ya jirani ambayo sikuidaka. Jina hilo nilipewa na shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, na ambaye hadi leo tunaishi pamoja. Shangazi ana kanuni moja ambayo ukoo mzima unaijua. Akipayuka, wewe cheka. Akishusha sauti, tafuta viatu vyako.

Programu yetu mpya ilipokamilika, mtu wa kwanza kuivaa ni mimi. Siku ya kwanza nilikaribia kulia kwa furaha. Nilisikia bomba likidondosha maji. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria, na mbu, hata mbu nilimkaribisha. Maneno ya watu yalinifikia yote, hakuna lililoanguka njiani.

Asubuhi ya pili nilikuwa mlangoni natafuta funguo, nimechelewa. Shangazi alikuwa mezani anamenya viazi. Akaniambia, "Haya, nenda basi. Nenda usirudi."

Maneno hayo ameniambia tangu naanza shule. Ni salamu yake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikijibu, "Nitarudi na wenzangu," tunacheka, naondoka. Lakini asubuhi ile maneno yalinijia yakiwa yamesimama mstari mmoja kama askari, yote kimo kimoja, hakuna lililoinama na hakuna lililotabasamu. Niliyasikia vizuri kuliko miaka yote. Yakanichoma.

"Kama umenichoka, sema," nikamwambia.

Akaacha kisu. "Umeamka na nini wewe?"

"Mimi ndiye nimekuuliza."

"Nimekuchoka tangu una miaka saba. Si uondoke sasa?" Najua leo kwamba hapo alikuwa bado anatania, ananitafutia njia ya kucheka. Mimi nikasikia hukumu. Nikaubamiza mlango, na kifaa changu kwa uaminifu wake wote kikaushusha ule mshindo mpaka ukawa sawa na kijiko cha jana.

Niliporudi jioni nilimkuta amekaa palepale. Hakunisalimu. Alinitazama usoni akasema polepole, akiniachia kila neno nilisome midomoni: "Mwanangu, akufukuzaye hakwambii toka. Anayetaka uondoke atakupa kiti cha pembeni na maneno matamu. Mimi nikikwambia nenda, ujue nakutania. Hivi hujui sauti yangu?"

Jibu lilikuwa ndiyo, siijui tena, na mwizi wake nilikuwa nimemvaa sikioni.

Kesho yake nikaenda kwa mkurugenzi wetu. Tunamwita Wastani, ingawa si mbele yake. Hakuna ugomvi asioumaliza kwa kujumlisha na kugawanya. Wawili wakigombea dirisha, mmoja akilitaka wazi na mwingine likifungwa, yeye ataliacha nusu na wote watapigwa na baridi. Nikamweleza kwamba programu inabana kila silabi, tena papo hapo, kiasi kwamba sauti ikipanda inashushwa kabla haijafika na ikishuka inanyanyuliwa kabla haijatua. Mtu anabaki na maneno bila moyo ulioyasema.

"Wasikilizaji wetu wa majaribio wameipa alama za juu kabisa," akasema. "Wastani wake haujawahi kutokea hapa."

"Mimi nimeivaa."

"Ndiyo, dada, ndiyo." Akaweka kichwa upande, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Tena hilo nilitaka tuliongee. Kwa hali yako ilivyo, tumeona si vizuri kukuchosha na usimamizi wa majaribio ya kusikiliza. Wewe ni hazina yetu. Tumekuandalia ofisi nzuri, kule stoo ya vifaa. Spika, nyaya, kinasa sauti, vyote chini yako. Utapumzika."

Kiti cha pembeni na maneno matamu. Shangazi alikuwa ameniambia jana tu.

"Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mkuu. Nipo kwenye chumba cha majaribio tangu kinabandikwa sponji ukutani."

"Tusibishane. Ijumaa daktari wa masikio kutoka hospitali kuu anakuja kuidhinisha, na tukishaifunga programu ndani ya vifaa haifunguliwi tena. Watu wanasubiri. Watoto wa shule, wazee." Akasimama kuonyesha kwamba maongezi yameisha. "Sikio halipiti kichwa, dada."

"Na kichwa kisicho na sikio ni boga, mkuu."

Katibu wake alikohoa mpaka akaomba ruhusa ya kutoka. Mimi nikashuka stoo.

Nisiwadanganye, siku ile niliumia. Niliwaza yule mtoto wa shule atakayevikwa kifaa chetu na kudhani mwalimu anamchukia. Niliwaza mzee ambaye wanawe watamwambia "karibu ule" naye akasikia amri. Nyumba ngapi zitagombana bila kujua kwa nini? Na ushahidi wangu ulikuwa nini? Sikio langu. Na sikio langu, kwa amri ya ofisi, lilikuwa limeshatangazwa bovu.

Kesho yake Kivuli akanifuata stoo kuazima waya. Nilikuwa nimefungua kwenye kompyuta sentensi zote tulizotumia kwenye majaribio, nazitazama tu zilivyochorwa kama mawimbi, kwa sababu mtu akikasirika lazima macho yatue mahali. Sentensi hizo zilisomwa na mtangazaji mmoja wa redio, mwenye sauti ambayo Wastani hujivunia kama mwanawe wa kumzaa.

Kivuli akasimama nyuma yangu. "Hii nini? Ukuta?"

"Sauti."

"Sauti gani haina bonde wala mlima?" Akainama karibu na kioo. "Mimi picha ya namna hii nikiletewa, nauliza nani ameishika kabla yangu. Hii ilishapikwa. Mnaipika mara ya pili."

Nilimtazama. Kisha nikaitazama ile michoro kwa macho mapya, moja baada ya nyingine, na kweli: kila sentensi ilianza kimo kilekile na kumalizika kimo kilekile, kama tofali. Nikampigia simu fundi wa mitambo wa studio ya redio ile, nikaweka simu kwenye spika ili Kivuli anisaidie kusikia. Fundi akashangaa swali lenyewe. "Kila sauti inayotoka hapa inapita kwenye mtambo wa kubana. Ndiyo maana mtangazaji hata akinong'ona mnamsikia sokoni. Kwani hamkuomba ghafi?"

Hatukuomba. Kundi zima la watu waliosomea kubana sauti lilikwenda kuchukua sauti mahali ambapo sauti zote hubanwa, na hakuna aliyefikiri kuuliza. Tulikuwa tunapima pasi kwa shati lililokwisha kunyooshwa. Ukipitisha pasi juu ya shati la namna hiyo, utajuaje kama inaunguza? Wasikilizaji wetu walitoa alama za juu kwa sababu programu haikuwa na kitu cha kuharibu.

"Sasa nenda kamwambie," Kivuli akasema.

"Nikimwambia bila sauti nyingine mkononi, atasema funika kombe mwanaharamu apite, tutarekebisha baadaye. Na baadaye haipo."

Nilihitaji shati lenye mikunjo. Nikalijua lilipo.

Shangazi alikuwa hajanisamehe, lakini kuwa na hasira na mtu hakumzuii kumpakulia. Tulipomaliza kula nikaweka kinasa sauti mezani, kati ya sahani, nikamweleza ninachotaka. Nataka useme 'haya, nenda basi' kwa utani, kisha useme maneno hayohayo kwa hasira.

Utani ulipatikana bila shida. Nilisimama tu, nikajifanya natafuta funguo kama kila asubuhi, na ulimi wake ukamtangulia. "Haya, nenda basi!" Hata yeye mwenyewe akacheka, akakasirika kwamba amecheka.

"Sasa hasira," nikasema.

"Siwezi."

"Jaribu, shangazi."

"Mimi si mwigizaji. Hasira yangu haina mazoezi. Ukiitaka, nikasirishe."

"Nikukasirishe vipi?"

"Wewe hukosi njia. Juzi ulitumia asubuhi moja tu."

Nikafikiri kidogo. Kisha nikasema neno ambalo nililiandaa kama chambo, mdudu kwenye ndoano, si zaidi. "Basi nikwambie ukweli. Wamenitoa kwenye majaribio. Nimeamua kuacha kazi. Pengine wana haki. Kiziwi na sauti, wapi na wapi?"

Lilipotoka mdomoni nikagundua kwamba si chambo kitupu. Nusu yake nilikuwa naiamini. Ilikuwa imekaa ndani yangu tangu ile siku ya ofisi nzuri, nami nilikuwa sijaitazama usoni.

Shangazi hakupayuka. Alisogeza sahani yake pembeni. "Nilikuita Antena," akasema, "na watu walidhani ni kwa sababu ya masikio. Masikio hata mbuzi anayo. Wewe ulikuwa mtoto anayekaa kimya mpaka mtu amalize. Nani mwingine huko kazini kwako anafanya hivyo? Sasa wamekuonyesha mlango kidogo tu, na wewe unakunja jamvi kuwasaidia. Haya. Nenda basi."

Ndani ya kifaa changu ilinifikia ileile. Ileile ya mlangoni, kimo kilekile, askari walewale. Isingekuwa ile sahani aliyoisogeza pembeni, nisingejua kitu.

Nilibeba kile kinasa hadi chumba cha sponji asubuhi, kabla Wastani hajafika. Nikavua kifaa. Nikakaa katikati ya spika kubwa mbili na kuzifungulia mpaka vioo vikaanza kulalamika, bila kubana chochote, sauti ya Shangazi ikiwa imekuzwa yote sawasawa kama ilivyozaliwa. Na hapo nikamsikia. Kwenye utani sauti ilirukaruka, ikapanda kwenye 'nenda' na kuangukia kwenye kicheko. Kwenye hasira ilishuka, neno hadi neno, na 'basi' ya mwisho ilikuwa chini mno, karibu iguse sakafu. Nililia peke yangu mle ndani. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimemkosa shangazi yangu na tunalala nyumba moja. Nilipomaliza nikafuta uso, nikaanza kazi.

Ijumaa ilifika. Sikualikwa kwenye mkutano. Lakini mkutano wa sauti haufanyiki bila spika, na spika, kwa amri ya mkurugenzi mwenyewe, zote zilikuwa chini yangu. Waliponitumia ujumbe wa kuziomba nikazisukuma mwenyewe kwenye toroli, nikaingia nazo, nikaziunganisha, kisha nikavuta kiti nikakaa.

Mezani walikuwepo Wastani na daktari wa masikio, aliyekuwa mama mmoja mtulivu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, pamoja na Kivuli na wasikilizaji wetu wa majaribio, vijana wenye masikio ya kusikia chungu akitembea.

"Asante, dada, unaweza kwenda," Wastani akasema.

"Nimebakiza kitu kimoja tu, mkuu. Kujaribu kama spika zinafanya kazi." Nikabonyeza.

Sauti ya Shangazi ikajaa chumba, ile ya utani. Vijana wakacheka bila kujua wanamchekea nani. Nikabonyeza ile ya hasira. Vicheko vikakatika, na Wastani, masikini, akakaza tai yake na kuketi wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Huyu ni nani?" daktari akauliza.

"Ni shangazi yangu, daktari. Amesema maneno yaleyale mara mbili. Naona hakuna aliyehitaji kuelezwa tofauti. Sasa naomba niwaazime sikio langu."

Nikazipitisha sauti zote mbili kwenye programu yetu, kisha kwenye kichujio kinachoiga sikio kama la kwangu, kitu ambacho tulikuwa nacho kabatini siku zote na hatukuwahi kuwawekea wasikilizaji wetu. Nikazicheza, moja kisha nyingine. Vijana wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono, akaushusha.

"Ipi ni utani?" nikauliza.

Waliosema ya kwanza na waliosema ya pili walikuwa sawa kwa sawa. Kivuli alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa.

"Mkuu?"

Wastani hakutaka kujibu, lakini daktari alikuwa anamtazama. "Ya kwanza," akasema, "ni hasira. Bila shaka."

"Ya kwanza ni utani, mkuu. Umegombezwa na mtu anayekupenda. Karibu nyumbani kwetu."

Nikawaeleza basi habari ya mtangazaji na mtambo wa studio, na shati na pasi. Wastani akasema lile nililotabiri, kwamba dosari ndogo zitarekebishwa baadaye, na kwamba, kwa heshima zote, tathmini hii imetoka kwa mtu ambaye sikio lake lina matatizo.

"Ndiyo, bovu!" nikasema. Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. "Bovu kabisa! Na hicho kifaa mnamtengenezea nani, mwenye sikio zima? Mnanishonea nguo halafu mnasema nisiijaribu kwa sababu nina mwili! Mimi siombi msibane. Mlango ukibamizwa naumia, nataka mbane. Lakini baneni taratibu. Programu ifuate chumba, isifukuzane na kila silabi. Kilicho chini kinyanyueni nikisikie, lakini kibaki chini, nijue kwamba kilikuwa chini."

Nikabonyeza tena. Hii ilikuwa programu yetu ileile, ila niliyoipunguzia haraka, na ikapita kwenye kichujio kilekile. Safari hii mikono ilinyooshwa kabla sijauliza, na majibu yote yalikuwa sahihi.

Daktari akavaa miwani yake. Akamuuliza Wastani, "Uliniambia mkishaifunga haifunguliwi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi msiifunge. Rudieni majaribio yote, kwa sauti za nyumbani, na kwa watu wanaovaa vifaa. Huyu asimamie."

Wastani alinikuta koridoni baadaye, akasogea karibu na kunisemesha kwa sauti ya chini sana. Kwa kanuni ya Shangazi, hilo nalo lilikuwa jibu. Sikuyapata maneno yote, na sikumwomba arudie. Kiti changu hakunirudishia. Nilikwenda mwenyewe nikakikalia, na ile stoo nzuri nikamwachia ufunguo wake mlangoni.

Jumatatu nilivaa kifaa chenye programu isiyo na pupa. Bomba lilidondosha maji, kwa mbali, mahali pake. Nilikuwa mlangoni natafuta funguo, nimechelewa kama kawaida, na Shangazi alikuwa mezani na viazi vyake.

"Haya, nenda basi," akasema. "Nenda usirudi."

Nikabaki nimeshika kitasa.

"Rudia," nikamwambia.

"Kwani hukusikia?"

"Nimesikia, shangazi. Rudia tu."